Kamusi ya Wandegeya isiyo na jalada

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta: shilingi 25,000. Muuzaji alianzia 40,000. Ni kamusi ya misimu ya Kiingereza, yale maneno ya vijiweni ambayo mwalimu hakufundishi darasani. Nene kama tofali la kuchoma. Haina jalada, haina kurasa za mwanzo, kwa hiyo haina jina wala mchapishaji wa kumlaumu. Inaanzia katikati ya herufi B. Nimekaa nayo miezi minne, na nimeona niandike sasa kabla sijaizoea nikasahau kasoro zake.

Mimi natafsiri maandishi ya chini ya filamu, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Kazi naifanyia chumbani kwangu Kibuli: kompyuta moja, feni moja, na umeme ukikatika, basi tena. Watu wa Kampala wakisikia natafsiri filamu wanadhani mimi ni vijei, wale wanaosimulia filamu kwa Luganda juu ya sauti za wachezaji huku wakitia utani wao. Sivyo. Vijei ana raha. Neno likimshinda anapiga kelele "Banange!", kibanda kizima kinacheka, filamu inaendelea. Mimi nina mistari miwili, herufi 42 kila mstari, na sekunde chache kabla maneno hayajafutika. Nikikosea, kosa linasomwa.

Na nilikosea. Filamu ilikuwa ya kijasusi: ofisi za London, mvua, watu wa makoti marefu. Mwanamke anamwonya rafiki yake juu ya bwana mmoja aliyeegemea kaunta ya baa, anamwambia yule ni "spook". Neno hilo nililijua. Nililijua kwa filamu za watoto, zile za nyumba yenye utando wa buibui na mlango unaolia wenyewe. Nikaandika bila kusita: "Jihadhari, huyo ni mzimu." Wakati huo bwana mwenyewe anakunywa bia.

Mteja wangu yuko Nairobi, mtu mpole. Hakunifokea. Alinitumia picha ya skrini, yule bwana na bilauri yake na maneno yangu chini yake, kisha swali moja tu: "Dada, huyu mzimu bili atalipa nani?"

Siku iliyofuata nikapanda boda hadi Wandegeya.

Muuzaji hana duka. Anatandika turubai ukingoni mwa barabara, upande wa kupandia Makerere, na juu yake anapanga mabaki ya wanafunzi waliomaliza: vitabu vya uhasibu, riwaya zilizovimba kwa mvua, Biblia, juzuu za sheria zisizofuatana. Siku hizi ana na vya Kiswahili viwili vitatu, tena bei juu, kwa sababu Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni na yeye habari hiyo anayo. Ni mzee wa Kiganda. Kiswahili chake ni kile cha kambini, cha amri. Nilimwamkia kwa Luganda, akautazama mtandio wangu, akanijibu kwa Kiswahili. Sisi Wanubi wa Bombo, Waislamu wa asili ya Sudani, tumeshazoea.

"Nyabo, hii kitabu ni original. Leta elfu arobaini."

"Mzee wangu, jalada liko wapi?"

"Wewe unasoma jalada? Maneno yako ndani."

Sikuwa na jibu la hilo. Nikachuchumaa, nikafungua herufi S, nikaitafuta "spook", nikaikuta. Nikasoma mistari mitatu nikajua nimeshanunua. Tatizo uso wangu nao ulijua, na mzee akauona. Ndiyo sababu nililipa 25,000 badala ya 15,000. Ukienda, soma huku umenuna.

Sasa niseme kilichomo, kwa sababu kwenye neno hilo moja kamusi hii imenirudishia pesa yangu.

Waingereza hawakulizaa neno "spook". Ni la Waholanzi, na kwao hadi leo ni mzuka tu. Liliingia Kiingereza kwa mlango wa Marekani, ambako Waholanzi walikuwa wamelowea tangu New York ikiitwa New Amsterdam, na linaonekana kwenye maandishi mwaka 1801. Lilikaa na mizuka yake zaidi ya karne. Kisha linageuka kitenzi, kushtua: farasi akiona karatasi inapeperuka akaruka pembeni, basi amefanywa hivyo. Halafu inakuja Vita Kuu ya Pili, mwanzoni mwa miaka ya 1940, na neno linakutwa limehamia kwa majasusi. Ukifikiri kidogo unaona njia lilikopita. Mtu aingie chumbani usimsikie, atoke usimwone, asubuhi kitu hakipo. Ukiwa Mwingereza, huyo utamwita nani?

Maana ya tatu ina mstari mmoja tu, na mwenye kitabu wa zamani ameumwagia chai. Nilipousoma mara ya kwanza niliuruka. Nilirudi kwa sababu ya filamu nyingine, ya miaka ya hamsini kule Chicago, ambamo mteja mzungu kwenye mkahawa anamtupia mhudumu mweusi neno hilo hilo. Kwa elimu yangu mpya, nikawa nimeshaandika "jasusi". Mhudumu amebeba sahani mbili za mayai, jasusi wa nini? Nikaichukua kamusi, nikaiinua dirishani, nikasoma chini ya chai: Marekani, miaka ya 1940, tusi kwa mtu mweusi. Na kuna nyongeza niliyoipenda, kwamba marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, Alabama, wakati wa vita hiyo hiyo walilichukua tusi, wakalibandika kwenye jina la jeshi la anga la Ujerumani, wakajiita Spookwaffe.

Hapo nina lawama. Tusi kama hilo limewekwa kwa herufi zile zile ndogo za jambo la farasi, na kialama cha "dharau" ambacho ukiwa na haraka hukioni. Kamusi inayotegemewa na watu wa mbali kama sisi ilipaswa kupiga kengele. Kwa bahati Kiswahili kina silaha yake ya kazi hii, tena haihitaji neno jipya: unamtoa mtu kwenye ngeli yake tu. Niliandika "Wee kijitu cheusi, njoo hapa." Mteja wa Nairobi aliniandikia kwamba imemuuma kuisoma. Ndivyo ilivyotakiwa.

Lakini kosa langu la kwanza liliendelea kunikera hata baada ya kulirekebisha, kwa sababu nilitaka kujua kwa nini kwa Kiswahili linachekesha kiasi kile. Nadhani ni hivi. Mzuka wa Kiingereza ni mgeni. Humjui, anakaa kwenye nyumba uliyoinunua juzi, anatembea na mnyororo, hana habari na ukoo wako. Mzimu ni ndugu. Ana jina, ana kaburi, anakujua wewe ni mjukuu wa nani, na akija anakuja na dai: mmenisahau, hamjanipa changu. Waganda nao ni hivyo hivyo, muzimu ni jjajja wa mtu, yaani babu au bibi yake. Sasa jasusi atakuwaje mzimu? Jasusi hutaka asijulikane kabisa, na mzimu kinachomleta ni kutaka akumbukwe.

Nilijaribu "kizuka", kwa maana ni kitu kinachozuka tu. Msomaji mmoja wa Mombasa akaniuliza filamu ina mjane? Kwao kizuka ni mwanamke aliye kwenye eda. Nikakifuta.

Upande wa majasusi tuna maneno mengi, ila hayakubaliani mipaka. "Jasusi" ni la Kiarabu na linaeleweka kote, ila lina suti na tai. "Mpelelezi" anaweza kuwa polisi anayetafuta mwizi wa kuku. Watanzania wana "shushushu", neno tamu, ukilitamka tu umeshanong'ona. Nililijaribu kwa jirani yangu hapa Kibuli, akadhani namnyamazisha mtoto. Wazee wana "askari kanzu", yaani askari asiyevaa sare. Lakini mweleze hivyo Muganda, kwa yule kanzu ni vazi la harusi. Utaona anamtafuta askari kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho, kati ya wajomba wa bwana harusi, na kule wote wamevaa kanzu. Na ukitaka kuchekesha zaidi, chukua neno la Luganda. Jasusi au kachero kwao ni mbega, gazeti linaandika "bambega" karibu kila siku. Kwa Kiswahili mbega ni yule kima mweusi mwenye mabega meupe na mkia wa manyoya, anayekaa juu ya miti ya bustani ya mimea kule Entebbe. Polisi wametuma mbega wanne nyumbani kwa mtuhumiwa. Hiyo sentensi naitunza, ipo siku nitapata vichekesho vya kutafsiri.

Kamusi yenyewe haijui lolote kuhusu haya, na siilaumu. Ila mara mbili tatu imenipa kitu ambacho sikukitegemea, nami nakitaja kwa sababu ndicho kinachonifanya niendelee kuifungua usiku bila kazi yoyote.

Chukua "snoop", yaani kuchunguliachungulia mambo ya watu. Nalo ni la Waholanzi. (Hawa watu walifanya nini Marekani, sijui walikuwa hawana kazi nyingine.) Kwa Kiholanzi asili yake ni "snoepen", kula vitamu kwa siri: mtoto anaingia jikoni, anachomoa kimoja, anafuta mdomo. Wamarekani wakakichukua kitenzi hicho kutoka jikoni wakakipeleka kwenye barua na madirisha ya watu. Nilisoma pale nikacheka peke yangu, kwa sababu sisi tuna "kudokoa" na tuna "kudukua". Unadokoa nyama kwenye sufuria kabla wageni hawajaja, unadukua siri za watu mlangoni. Siku hizi mdukuzi ni yule anayeingia kwenye simu na kompyuta za wenzake. Sidai kwamba maneno haya mawili ni ndugu. Nasema tu kwamba nilipokuwa mdogo Bombo, aliyekuwa akidokoa nyama jikoni na aliyekuwa akidukua mazungumzo ya wakubwa barazani alikuwa mtoto mmoja, na bakora alipigwa moja kwa makosa yote mawili. Mtoto huyo anaandika hapa.

"Mole" ilinitesa. Ni fuko, yule mnyama wa chini ya udongo anayekula mihogo ya watu, na kwa majasusi ni mtu wa adui aliyepandwa ndani ya ofisi yako akakaa miaka. Kamusi inasema Francis Bacon aliwafananisha majasusi na fuko tangu 1622. Sawa, lakini andika "kuna fuko ndani ya idara" uone msomaji wa Uganda ataelewa nini. Ataelewa kuna mfuko mkubwa wa pesa, na atataka kujua nani amekula. Nikaandika "kuna msaliti ndani". Limepoa, lakini limefika.

Wanusaji nao wamo. "Nark" ya Waingereza, mpasha habari wa polisi, inasemwa imetoka kwa Waroma (si Warumi, ni wale wa kuhamahama wa Ulaya), kwenye neno lao la pua. Hapo sikuhitaji msaada, mtu wa kunusanusa tunaye. Na lipo "haint" la kusini mwa Marekani, mzuka wa nyumbani, ambao Wagulla wa pwani ya Carolina Kusini na Georgia huufukuza kwa kupaka dari la baraza rangi ya buluu hafifu. Nimelisoma mara tano, kazini halijanifaa hata mara moja.

Kilichonifurahisha zaidi kwa upande wa ofisi ni "Box". Waingereza wa serikalini huliita hivyo shirika lao la ujasusi wa ndani, MI5, kwa sababu ya anwani yake ya wakati wa vita: sanduku la posta namba 500. Basi. Idara nzima ya siri ikapewa jina la sanduku la barua. Mtu wa Uganda, ambaye shule yake, kanisa lake na duka lake la dawa vyote vina sanduku la posta Kampala, hawezi kutetemeka kwa hilo. Niliandika "watu wa Sanduku" kwa herufi kubwa, mteja akakubali, na mpaka sasa hakuna aliyelalamika.

Halafu "ghost" yenyewe, yaani mzuka. Hiyo h iliyomo haitamkwi na haikuwapo zamani. William Caxton, aliyeanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, alikuwa ameishi miaka mingi kwa Waflemi, watu wa Ubelgiji ya leo, ambao waliandika neno lao kwa h, na h hiyo ikaingia kwenye vitabu vyake na haijatoka tena. Zamani kabisa maana yake ilikuwa roho, pumzi. Sasa sikiliza. Hapa Kampala magazeti ya Kiingereza hayapitishi mwezi bila "ghost": walimu wa namna hiyo, shule za namna hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanajeshi wa namna hiyo, waliokuwepo kwenye daftari la mishahara na si kwenye gwaride. Ukitafsiri "walimu mizimu" umewaua walimu. Kiswahili kinasema hewa. Wafanyakazi hewa, kama walivyowaita Tanzania kwenye lile fagio la 2016. Yaani Mwingereza katoka kwenye pumzi kaenda kwenye mzuka, sisi tulipofika kwenye mwizi wa mishahara tukamruka mzuka tukarudi kwenye hewa. Kamusi haina habari na hewa yetu, lakini bila yenyewe nisingeiona safari hiyo.

Kasoro kubwa ni umri. Niliijua siku mpwa wangu alipokuja amenuna, akasema msichana wake "amemghosti". Hapokei simu, hajibu ujumbe, kanyamaza tu kama hakuwahi kuwepo. Nikaifungua kamusi kwa mbwembwe, nimwonyeshe shangazi yake ana vitabu. Haimo. Kwa hiyo ni ya zamani kabla vijana hawajaanza kunyamaziana simu hivyo. Mpwa akanifundisha yeye, bure. Ukitaka Kiingereza cha mitandao ya leo, kitabu hiki hakikufai hata kwa elfu tano.

Kasoro nyingine ni za mwili. Gundi ya mgongo imekauka, kurasa za M zinatoka kama karata. Maandishi ni madogo, usiku nasoma kwa taa ya simu. Mwenyewe wa zamani ameandika kwa kalamu pembeni, na maoni yake mengi ni ya kipuuzi. Na hiyo B iliyokatika: nilipotaka maneno ya kutishia watoto gizani, mengi yalikuwa kwenye kurasa ambazo labda zilifungia karanga miaka mingi iliyopita.

Kuna kitu kimoja kamusi haikuweza kabisa, na nakieleza kwa urefu kwa sababu kitakusaidia kuamua.

Filamu ya tatu. Wanaume wawili wamesimama kwenye daraja. Mmoja anasema, "Ask the spooks." Mwenzake anajibu, "I don't believe in ghosts." Mchezo wa maneno. Wa kwanza amesema majasusi, wa pili amefanya makusudi kusikia mizuka, yaani: hao watu wenu siwaamini. Kwa Kiingereza ni sekunde nne. Kwa Kiswahili nilikaa siku mbili. "Waulize majasusi. – Siamini mizimu." Upuuzi. "Waulize mashushushu. – Siamini mashetani." Upuuzi wenye sauti. Kamusi ilinipa maana zote tatu za neno, doa la chai na vyote, lakini daraja la kuvukia haikunipa.

Nikampigia haboba yangu, bibi yangu, aliyeko Bombo. Nilitaka tu kumsalimia, kisha nikakumbuka kwamba yeye ameishi na majasusi wa kweli. Wakati wa Amin, watu wa State Research, idara yake ya ujasusi, walikuwa na makao yao Nakasero, wakijulikana kwa miwani myeusi na magari yenye namba za UVS. Nikamuuliza: haboba, mlikuwa mnawaitaje?

"Hatukuwaita."

"Lakini mkitaka kumwambia mtu kwamba wapo?"

"Tulisema watu wa miwani. Hata hiyo kwa sauti ya chini." Akanyamaza kidogo. "Gari liko mbele yako, namba unaisoma, na wewe hukuona kitu. Ukiulizwa, hukuona. Wale walikuwa hawaonekani, mwanangu. Si kwamba walijificha. Sisi ndio tuliacha kuwaona."

Kisha akaenda mwenyewe hadi 1979, bila mimi kumuuliza. Kampala ilipoanguka Aprili ile, jina hilo hilo lililokuwa halitajwi likaanza kutajwa kwa sauti, tena wakatajwa sisi, maana tulihesabiwa watu wa Amin. Mnubi yeyote, akifungua mdomo kwa Kinubi au Kiswahili, ni State Research. Babu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa anashona sare za shule. Walihama usiku na cherehani wakaiacha, na haboba hadi leo anaitaja ile cherehani kwa jina la kampuni yake, kama mtu aliyefiwa.

Nilipokata simu nilikuwa na mstari wangu:

"Ukitaka kujua, waulize wasioonekana."
"Mimi siamini mizimu."

Herufi 36 mstari wa kwanza. Nilihesabu mara mbili. Mteja aliandika "safi" na hakuongeza neno, na kwake hiyo ni hotuba.

Kwa hiyo kamusi naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne kama ingekuwa na A. Inunue kama unafanya kazi na filamu au riwaya za zamani, za kuanzia vita hadi miaka ya tisini, na kama una bibi wa kumpigia simu kwa yaliyobaki. Mwanafunzi asiinunue, atajifunza matusi kabla ya sarufi. Muuzaji naye nampa nne. Anapatikana kuanzia saa nne asubuhi, mvua ikinyesha anakunja turubai dakika moja na hutamkuta, na beba mfuko wako, wake unachanika kabla hujafika kwenye jukwaa la boda.

Tena ni mtu anayekumbuka mteja. Wiki iliyopita alinipigia kwamba ile kitabu yangu amepatia jalada. Nikaenda mbio. Akalitoa chini ya vitabu vya sheria, gumu, la kijani, zuri kabisa, na upana ni ule ule. Lilikuwa jalada la Biolojia ya Senior 3.

"Mzee, hili si lake."

"Nyabo, ukiliweka, nani atajua?"

Nililichukua kwa elfu mbili, nikaligundisha jioni ile ile. Mpwa wangu ameshaipita kwenye rafu mara mbili akiitafuta.